Nakala ya Pili ya Makaburi

Kompyuta ya Bi Lài ilianza kugonga siku ya kumi ya mwezi wa kumi, kwa kalenda ya mwezi. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayegusa kikombe kwa ukucha: ti, ti, ti, kisha kimya, kisha ti. Nje, mvua ya siku ya tano ilikuwa ikimwagika juu ya mtaa wa Vỹ Dạ bila kupumzika, na kuta za chumba zilikuwa zimeota ukungu wa kijani hadi usawa wa dirisha. Bi Lài alisikiliza kwa muda, chai yake ikipoa mkononi. Kisha akainama mpaka paji lake la uso likagusa meza.

"Na wewe pia?" aliiuliza.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amechora ramani katika ofisi ya ardhi, akastaafu na magoti mabovu na macho yanayotoa machozi kwenye mwanga mkali. Hakuolewa. Katika ukoo wa Phan Viết jambo hilo lilimfanya awe mtu wa kila kazi. Nani aandike majina ya waliochangia paa la nyumba ya ukoo? Lài. Nani awapigie simu jamaa wa Sài Gòn? Lài. Nani akae hospitalini na shangazi? "Lài hana watoto, tena anajua kompyuta," walisema, kana kwamba mambo hayo mawili yalikuwa ugonjwa mmoja.

Na ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na makaburi.

Mwaka juzi barabara mpya ilipita katikati ya kilima walikozikwa watu wa ukoo, nao wakapewa miezi miwili kuwahamisha. Makaburi mengi yalikuwa na mawe yenye majina, hayo hayakuwa na shida. Lakini thelathini na tisa yalikuwa vichuguu vya udongo tu, bila jiwe wala kibao. Walilala humo wafu wa miaka ya njaa na wa miaka ya vita, watoto wengi wao, waliozikwa haraka na watu waliokuwa wakikimbia. Mtu mmoja tu alijua nani amelala wapi, naye alikuwa mzee Đỉnh, baba yake Bi Lài, ambaye tangu ujana wake alipanda kilima kila mwaka na jembe begani kuvipalilia vile vichuguu. Kwa siku kumi na moja mzee huyo alifuatana na kila sanduku la mifupa, kutoka shimo la zamani hadi shimo jipya. Sanduku lilipokuwa likishushwa, alielekeza kidole na kutaja jina: huyu ni fulani, binti wa fulani, alikufa hivi. Bi Lài alirekodi kwa simu, kisha akageuza simu kuonyesha majirani wa kushoto na wa kulia. Video thelathini na tisa.

Mahali papya hapakuwa na majina, palikuwa na nguzo fupi za saruji zenye namba, na mkandarasi alibadilisha namba hizo mara mbili. Baba alikuwa na daftari. Mafuriko ya mwaka jana yaliligeuza uji. Simu ilijaa, kwa hiyo Bi Lài alihamishia video kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye simu. Alijiambia kwamba siku moja atakaa chini, atazitazama zote, ataandika kila jina na mahali pake. Lakini baba alifariki mwezi wa pili, na kila alipofungua video ya kwanza na kumsikia akikohoa kabla ya kusema, aliifunga.

Sasa mwezi wa kumi na mbili ulikuwa unakuja. Siku ambayo ukoo mzima hukutana kusafisha makaburi, mchonga mawe angefika na mawe thelathini na tisa matupu, na angemgeukia yeye kuuliza aandike nini. Naye hakuwa na mahali pengine popote pa kusoma majibu isipokuwa ndani ya sanduku hili lililokuwa likigonga.

Alimpigia simu binamu yake Tường, aliyefanya kazi benki kule Đà Nẵng. Tường alikuwa na miaka arobaini na sita, lakini kwa kuwa baba yake alikuwa kaka mkubwa wa mzee Đỉnh, Bi Lài alipaswa kumwita kaka tangu siku alipokuwa akimfulia nepi.

"Kaka Tường, kompyuta inagonga."

"Inagonga nini, mdogo wangu mwenye mvi?"

"Inagonga tu. Kama kuna mtu ndani anataka kutoka."

"Aa, usiseme hivyo, kwa hao uliowaweka humo!" Wote wawili wakacheka. "Hiyo ni diski inakufa," Tường akaendelea. "Sikiliza, nitakununulia sanduku la kuhifadhia. Lina diski nne ndani, unaliunga kwenye intaneti, kompyuta zote za nyumbani zinajinakili zenyewe. Lina taa za buluu. Hapa benki tunalo."

"Hapo benki kuna mtu wa kulitunza. Kwangu nani?"

"Wewe."

"Basi silitaki. Nataka kitu cha kuchomeka na kuchomoa. Kitu ambacho hata nikiwa na homa nitaweza."

"Basi weka kwenye mtandao, wakuhifadhie huko huko."

"Na nikisahau neno la siri? Na nikifa?"

"Usife kabla ya mwezi wa kumi na mbili."

"Nitajitahidi, kaka."

"Lakini kabla hujanunua chochote, kamwambie mzee. Hivyo ni vitu vya ukoo. Akisikia kwa watu wengine, mimi ndiye nitakayegombezwa."

Mzee huyo alikuwa baba yake Tường, mzee Khoát, mkuu wa ukoo, mwenye miaka themanini na minne. Aliishi Kim Long, upande wa pili wa mto. Kesho yake Bi Lài alivaa koti la mvua, akawasha pikipiki yake na kwenda huko. Alipofika maji yalikuwa yameingia hadi kwenye soksi. Mzee alimmiminia chai, akasukuma kisahani cha tangawizi ya sukari, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akauliza:

"Hicho kitu kinaitwaje?"

"Diski ya nje, Baba mkubwa. Ni ndogo kama pakiti ya sigara. Natia humo nakala ya video zote."

"Ukishatia nakala, ile ya kwanza inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inabaki kwangu."

"Hapana." Mzee alitikisa kichwa polepole. "Wafu wa ukoo wana bakuli moja la ubani, nalo liko hapa. Ukiwaita kutoka nyumba mbili, watajua waende ipi? Nunua hiyo diski, uilete, nitaiweka juu ya madhabahu. Kisha ile ya kwako uifute."

"Baba mkubwa, hawa si wafu wenyewe. Ni picha zao tu."

"Si sauti ya Đỉnh iliyo humo, akiwataja majina?"

"Ndiyo."

"Basi ni kuitwa."

Mzee alivaa miwani, akafungua kalenda ya ukutani, akapitisha kidole juu ya safu za tarehe huku midomo ikicheza. "Ishirini," alisema. "Siku ya ishirini ni njema kwa kuhamisha. Ununue siku hiyo, uhamishe siku hiyo. Kabla ya hapo usiiguse."

"Lakini inagonga sasa hivi."

"Baba yako aliwalinda miaka sitini bila mashine. Wewe siku tisa zinakushinda?"

Angeweza kubishana. Alikuwa na maneno, aliyajua vizuri, yalikuwa pale pale kooni. Lakini soksi zilikuwa zimelowa, magoti yalikuwa yakimuuma, na kubishana na mzee Khoát kulimaanisha kukaa saa mbili zaidi kwenye kile kiti kigumu, kisha kupigiwa simu na shangazi watatu. "Ndiyo, Baba mkubwa," alisema, akavaa koti lake.

Kwa siku tatu hakuiwasha kompyuta. Aliifunika kwa kitambaa, kama mtu anayemfunika mgonjwa asimwone. Siku ya kumi na nne, asubuhi, redio ilitangaza kwamba mto utapita kiwango cha tatu cha hatari kesho yake. Bi Lài alikuwa akila wali wa baridi na chaza wadogo wa mtoni. Akaweka kijiko chini, akaiwasha kompyuta aone tu. Ilichukua nusu saa kufunguka, na muda wote huo iligonga.

Siku ya kumi na nne ni moja ya siku tatu za mwezi ambazo watu hawaanzi jambo: hawajengi, hawasafiri, hawanunui hata sufuria wakiweza kungoja. Bi Lài alijua hivyo tangu utotoni. Alichukua funguo za pikipiki.

Duka la Bi Xuyến lilikuwa karibu na soko la An Cựu, chumba kimoja kirefu chenye nyaya zilizoning'inia kama tambi. Bi Xuyến alilirithi kwa marehemu mumewe pamoja na ulimi mkali ambao, watu walisema, alikuwa nao tangu zamani. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta akikata kucha.

"Leo kumi na nne," alisema bila kuinua kichwa. "Tangu asubuhi sijauza hata betri. Ama umepotea njia, dada Lài, ama kuna mtu anakufa."

"Kompyuta inakufa."

"Afadhali. Una nini humo?"

Bi Lài alimweleza. Bi Xuyến aliacha kukata kucha. Alitoa trei, akaanza kupanga vitu juu ya kaunta, kimoja kimoja.

"Hizi flashi ni za kubebea, si za kuhifadhia. Hupotea, huoshwa na suruali. Mimi mbili zangu zimepita kwenye mashine ya kufulia. Hili sanduku kubwa—"

"Hilo naambiwa lina taa za buluu."

"Lina taa, lina feni, linataka umeme kutwa na mtu wa kuligombeza. Achana nalo. Sasa hii hapa haina kitu kinachozunguka ndani. Ni nyepesi, ina kasi, ukiidondosha hainung'uniki. Lakini ghali, na ukiitupa kabatini miaka na miaka bila kuichomeka, inaweza kusahau."

"Kusahau?"

"Kama sisi. Na hii," akagonga kisanduku cheusi kisicho na pambo lolote, "ina sahani inayozunguka. Bei ya watu. Usiidondoshe, usiisogeze ikiwa inafanya kazi, na ukimaliza uiage kompyuta kwenye skrini kabla ya kuchomoa. Hakuna kingine cha kujifunza. Kila mwezi uichomeke, ufungue faili mbili tatu, uone kama zinacheza. Usiamini kuona majina tu. Fungua."

Bi Lài aliishika ile nyeusi. Ilitosha kiganjani. "Hii."

"Ngapi?"

"Moja."

"Na ile ya kompyuta inayokufa unaihesabu?"

"Hiyo nimeambiwa niifute."

Bi Xuyến alimkazia macho. "Umeambiwa na nani?"

"Mkuu wa ukoo."

"Anajua kompyuta?"

"Anajua wafu."

"Chukua mbili, dada yangu. Moja kwako, moja kwa mtu anayekaa mahali ambapo maji hayafiki siku moja na kwako. Sisemi kwa sababu ya biashara."

"Nimeambiwa moja."

"Wewe ni mtu mzima, Lài."

"Najua," alisema, akitafuta pochi yake. "Nimechoka tu kuwa mtu mzima leo."

Alirudi nyumbani, akaichomeka diski, akaanza kunakili. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini. Video ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliketi na mikono mapajani, hakuthubutu hata kwenda kuchemsha maji, kana kwamba akiondoka mashine itakata tamaa. Video ya ishirini na sita ilisimama. Sauti ya kugonga ikawa ya haraka, kisha maandishi yakatokea kwamba faili haisomeki. Alijaribu tena. Alijaribu mara ya tatu, akingoja dakika kumi, akiipepea kompyuta kwa gazeti. Haikusomeka. Akairuka, akaendelea na nyingine.

Alasiri zilikuwa zimeingia thelathini na nane. Ndipo alipokumbuka maneno ya Bi Xuyến, akaanza kuzifungua kwenye diski moja baada ya nyingine. Baba yake alikohoa. Baba yake alisema, "Huyu ni mama Cửu, na huyu pembeni ni mtoto wake, hakupata jina." Bi Lài alichukua kalamu, akaandika. Baba alikohoa tena. Aliandika ya pili, ya tatu. Hakulia, alikuwa amelia mwezi wa pili, na sasa machozi yalikuwa yale ya macho mabovu tu. Alipofika ya kumi na moja umeme ulikatwa katika mtaa mzima, kwa sababu ya maji yaliyokuwa yanakuja.

Yaliingia alfajiri. Bi Lài alifunga diski ndani ya mifuko minne ya plastiki, akaitia mfuko wa ndani wa blauzi yake. Karatasi aliyoandika akaitia humo pia. Kisha akaanza kupandisha vitu darini: mchele, jiko, picha ya baba, na mwisho kompyuta. Ilikuwa nzito. Alipanda ngazi hatua moja, akapumzika, hatua moja, akapumzika, goti la kulia likitetemeka. Kwenye kipago cha sita lilimkataa. Hakuanguka, lakini sanduku liligonga ukingo wa dari kwa kishindo, na ndani yake kitu kikalia kama njugu kwenye kopo.

Alikaa darini siku tatu. Alikula tambi kavu na wali wa kunata uliopoa. Chini, sebule yake ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na kiti kimoja cha plastiki kilizunguka humo polepole kikitafuta mlango. Kila alipojigeuza kulala, alihisi ukingo wa ile diski kwenye mbavu. Wote walikuwa pale, mama Cửu na mtoto wake na wale wengine, tumboni mwa mwanamke ambaye hakuzaa. Kama mguu ungeteleza kwenye ngazi, wangekwenda naye majini, na hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye angeweza kusema ni nani waliopotea. Wazo hilo halikumwacha alale.

Maji yaliondoka siku ya kumi na nane, yakaacha tope hadi vifundoni. Umeme ulirudi kesho yake. Bi Lài aliiwasha kompyuta pale pale darini. Iligonga mara mbili, ikanyamaza, na haikugonga tena.

Kwa hiyo amri ya mzee ilikuwa imetimia yenyewe. Wafu walikuwa katika nyumba moja, na nyumba yenyewe ilikuwa mfuko wa blauzi. Alikaa akiitazama skrini nyeusi. Halafu akaosha miguu, akatoka, tope la sebuleni akaliacha lilivyo.

Bi Xuyến alikuwa akizoa tope dukani kwa sepetu. Bidhaa alikuwa amezipandisha rafu za juu.

"Nipe ya pili," Bi Lài alisema mlangoni.

Bi Xuyến alifuta mikono kwenye suruali, akashusha kisanduku cheusi kingine, akafungua kompyuta yake ya mapajani juu ya kaunta. Walinakili pale pale, wamesimama kwenye tope. Safari hii walifungua kila video, sekunde chache chache.

"Baba yako alikuwa na sauti nzuri," Bi Xuyến alisema.

"Alikuwa na kikohozi."

"Hata hivyo. Wangu mimi sina hata kikohozi chake." Alichomoa diski zote mbili, akampa. "Sasa umekuwa na akili."

"Nimekuwa na woga."

"Mimi siwezi kuvitofautisha."

Siku ya ishirini Bi Lài alivuka mto. Nyumbani kwa mzee Khoát maji yalikuwa yamefika magotini tu. Alama ya kahawia ilizunguka kuta zote, na madhabahu ilikuwa salama juu yake. Mzee alikuwa amevaa kanzu yake nyeusi ya ibada na kilemba. Matunda yalikuwa yamepangwa, ubani umewashwa.

"Umeleta?"

Aliweka diski zote mbili kwenye sinia.

"Nilisema moja," mzee akasema.

"Ndiyo. Tena nilinunua siku ya kumi na nne."

Mzee alimtazama kama aliyesikia tusi. "Kumi na nne ni siku mbaya, na wewe unajua."

"Najua, Baba mkubwa. Na kama ningenunua siku ya kumi na moja, nilipotoka hapa, wangekuwemo wote thelathini na tisa. Sasa wamo thelathini na nane. Kompyuta imekufa."

"Nani hayumo?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Ulikuwa kilimani siku zote kumi na moja."

"Nilikuwa nashika simu na mwavuli. Nakumbuka mvua ilinyesha siku hiyo. Jina lilikuwa ndani ya video, nayo haifunguki. Sijui kama ni mtoto au mtu mzima."

Mzee aliketi. Alikunja kidole gumba, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Mama Cửu na mtoto wake. Sáu, dada yake mwenyewe, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka sita. Mapacha wa ami Trợ. Mke wa kwanza wa Viết Hoàn. Alifika kumi na tisa, akarudia mmoja, akakasirika, akaanza upya. Mara ya pili alifika ishirini na mmoja. Kijiti cha ubani kilikuwa kimeungua hadi nusu.

"Đỉnh angejua," alisema.

"Baba hayupo."

Mzee alikunjua vidole vyake, akavitazama. "Hata hivyo, nyumba mbili, Lài... Haijawahi kuwa hivyo."

Bi Lài alihisi yale maneno ya siku ile yakipanda tena kooni, na safari hii alikuwa amechoka mno kuyameza.

"Baba mkubwa, mimi sitabishana. Ukisema moja, nitaziacha zote mbili hapa, uitupe unayotaka. Lakini kuanzia leo watunze wewe. Uichomeke wewe kila mwezi, uwafungue wewe, na mchonga mawe akija mumjibu nyinyi. Mimi mwezi wa kumi na mbili nitakuja kula tu na kusifu mchuzi, kama wengine."

Hakuwahi kusema naye hivyo. Alisikia sauti yake mwenyewe ikimalizikia kwenye dari, ikafuatwa na tone la maji lililoanguka mahali fulani jikoni. Alingoja kugombezwa, na akagundua kwamba hata hilo halimwogopeshi. Alitaka tu lianze, ili liishe, akazoe tope lake.

Mzee Khoát aliinuka. Alichukua diski moja kwa mikono miwili, akaiweka nyuma ya bakuli la ubani, akainama mara tatu. Kisha akageuka, akasimama akiikabili sinia ambayo ile ya pili ilikuwa imelala wazi kabisa katikati yake.

"Tangu maji haya yaje macho yangu hayaoni vizuri," alisema. "Niliona moja tu. Nimeshaiweka."

Bi Lài alimtazama. Mzee alikuwa ameelekeza uso uani, kwenye mibalungi iliyopakwa tope mashinani. Aliichukua ile ya pili, akaitia mfukoni.

"Nitakuwa nakuja kila mwezi kuichomeka hiyo ya hapa," alisema.

"Siku gani?"

"Siku nitakayopata nafasi."

Mzee alivua kilemba, akakiweka mezani, na bila hicho kilemba alionekana mzee wa kawaida tu mwenye usingizi. Alimimina chai vikombe viwili.

"Una orodha ya hao thelathini na nane?"

"Nimeandika kumi na mmoja. Wengine nitaandika wiki hii."

"Basi andika na wangu. Nitakaowataja mimi na hawamo kwenye orodha yako, tutajua ni nani tuliyemwacha njiani." Akakunja kidole gumba. "Mama Cửu."

"Na mtoto wake," Bi Lài akasema, akatafuta kalamu. Aliegemeza mgongo kwenye kile kiti kigumu, akanyoosha goti la kulia chini ya meza, akageuza karatasi yake upande usioandikwa.

"Na mtoto wake," mzee akarudia. "Sáu. Wale mapacha. Subiri, subiri, usiniharakishe."